Sikumkaanga mama mkwe

Kwa kuwa shemeji ameshaweka statasi kwamba jana nilimkaanga mama yake, ngoja niseme mwenyewe.

Gari lilianza kuchemsha tukishapita Mikindani, tunawahi harusi Lindi. Saa saba mchana. Mshale ukagusa nyekundu. Dawa ya dharura naijua: zima AC (yangu ilikufa mwaka juzi, hapo nikaruka), zungusha kitasa cha joto hadi mwisho, feni namba 4. Hita haina moto wake. Inachota maji yaleyale ya injini, yanapita kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza. Ukiifungulia, injini imepata rejeta ya pili. Upepo unauelekeza miguuni, vioo vyote unashusha.

Vyote kasoro cha mama mkwe. Swichi yake mbovu tangu Ramadhani. Na kitasa cha kuelekeza upepo kimeganda kwenye uso.

Sasa hapo. Feni ikakohoa. Likatoka vumbi la miaka miwili. Yakafuata maganda ya korosho, moja, mawili, halafu konzi nzima (watu wa Mtwara, panya wetu mnawajua), yakatua juu ya mtandio wake wa dhahabu. Ndipo joto lenyewe likaja. Namtazama kwa pembe ya jicho. Wanja wa kushoto ulianza safari, ukafika shavuni, ukasimama kama unauliza njia, ukashuka mpaka kidevuni. Wa kulia ukafuata. Mama mkwe hakugeuka. Akasema kwa upole uliopitiliza: "Baba, nimekukosea nini?"

Badala ya kuomba radhi, mimi nikaanza somo: "Mama, ikitoka ya moto ni heri. Ikitoka ya baridi na mshale uko juu, ujue maji yameisha, unazima injini papo hapo." Ndugu zangu wa Newala, huko juu kwenye baridi, nyie mnaowasha hita kwa sababu za maana, mngenitetea.

Mshale ukashuka! Hakuna aliyenipongeza.

Tukasimama kivulini dakika 45 ndipo nikafungua mfuniko wa rejeta. Mpira wake umekwisha. Mgandamizo ukivuja, maji yanachemka kwenye nyuzi 100 badala ya karibu 120. Nimeweka mfuniko mpya, kulanti nusu kwa nusu na maji safi, shida imeisha.

Mama mkwe amerudi Mtwara kwa basi. Kiti cha dirishani.