Kodi ya sukari Arusha na Moshi: mtu akiacha soda, anywe nini?

Soda ya kawaida ina takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 basi inabeba gramu 37, vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asivuke kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Wanaotaka kodi ya vinywaji vyenye sukari, na wengine ruzuku ya mboga, zitumike kupunguza kisukari na unene wanaanzia kwenye hesabu hiyo, na ni vigumu kuwabishia.

Tatizo ni namna ya kutoza. Tanzania tayari inatoza soda ushuru wa bidhaa, ila kipimo chake ni lita. Kinywaji chenye sukari nyingi na chenye kidogo vinalipa sawasawa, kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kupunguza hata kijiko kimoja. Afrika Kusini walipoanza Aprili 2018 walitoza gramu: nne za kwanza katika kila mililita 100 zilikuwa bure, kila inayozidi ililipiwa senti 2.1 za randi. Tuchukue mfumo huo kwa shilingi 5 kwa gramu, kiwango cha mfano tu. Chupa yetu ya 350 ina gramu 23 zinazotozwa, yaani kama shilingi 115. Kiwanda kikishusha sukari hadi gramu 7 kwa mililita 100, ushuru unabaki shilingi 52 na senti kidogo. Shilingi 63 kwa chupa, zidisha kwa kreti za mwaka mzima, zinatosha kumfanya mkurugenzi amwite mtaalamu wa mapishi ofisini. Uingereza ilitangaza tozo yake Machi 2016 na kuianza Aprili 2018. Ndani ya miaka hiyo miwili viwanda vingi vilikuwa vimebadilisha mapishi kabla senti haijalipwa.

Kuisimamia hapa si kazi ngumu sana. Stempu za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato (TRA) zinahesabu chupa kiwandani tangu 2019. Kinachokosekana ni kupima sukari iliyomo kweli badala ya kuamini lebo, na hiyo ni kazi ya maabara ya Shirika la Viwango (TBS). Kuna mtego lakini: kiwanda kinaweza kutoa sukari na kuweka viongeza utamu, ambavyo WHO mwaka 2023 ilishauri visitegemewe kupunguza uzito.

Dukani mambo yanapinda. Bei ya soda haipandi kwa shilingi 17. Inaruka kwa 50 au 100, maana chenji ndogo haipo. Ushuru mdogo muuzaji ataumeza, na mnywaji hataona tofauti. Ushuru wa shilingi 115 unaweza kugeuka 150 mezani, na anayeumia zaidi ni kibarua ambaye soda na andazi ndiyo chakula chake cha mchana. Watetezi wa kodi husema huyohuyo ndiye atakayenufaika zaidi kiafya. Ni kweli, kama ana kingine cha kunywa.

Mpaka nao una neno lake. Denmark iliweka kodi ya vyakula vyenye mafuta yanayoganda, kama siagi, Oktoba 2011, wananchi wakaenda kununua siagi Ujerumani, na Januari 2013 kodi ikafutwa. Sisi tuna Namanga upande wa Arusha na Holili upande wa Moshi. Soda ni nzito na faida yake ndogo, kwa hiyo sioni bodaboda zikipigana vikumbo kwa kreti. Sukari ya mfuko ndiyo yenye historia ya kupita njia za panya, nayo ndiyo kodi hii haiigusi kabisa. Kikombe cha chai ya rangi chenye vijiko vinne kina gramu 16 au zaidi, na hakuna stempu kwenye birika la mama ntilie. Kupandisha bei ya sukari yenyewe kungegusa kila nyumba, pamoja na wakulima na wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, mkoani Kilimanjaro. Hapo nasita, na nadhani mbunge yeyote wa Kilimanjaro atasita zaidi yangu.

Lakini jambo linalopuuzwa kuliko yote ni maji. Moshi mtu anaweza kuacha soda akanywa ya bomba yanayotoka mlimani. Arumeru, jirani na Arusha, sivyo. Maji ya miteremko ya Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi. WHO inaweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi za huko zinapita 10. Ndiyo meno ya kahawia, na kwa wengine mifupa kupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki ileile. Maji ya chupa ndiyo kimbilio la wengi wenye uwezo, na yenyewe yamekuwa yakitozwa ushuru wa bidhaa pamoja na VAT. Tunawaambia waache soda, kisha tunatoza mbadala wake.

Ruzuku ya mboga ina mvuto wa kisiasa, ila sioni njia ya kuitekeleza. Mchicha usiosindikwa hauna VAT ya kupunguza, na muuza genge wa soko la Mbuyuni, Moshi, hatoi risiti ambayo serikali ingerudishia fedha. Tena msimu wa mavuno nyanya za Ngarenanyuki huuzwa kwa bei ya kutupa, nyingine zikiozea kwenye matenga. Kinachokosekana ni vyumba vya baridi na barabara, na fedha ikiwekwa huko bei ya miezi ya kiangazi itatulia.

Fedha ya ushuru wa gramu ningeipeleka kwanza kufidia pengo la kufuta ushuru wa maji, nikianza na madumu ya lita 20 na si chupa ndogo. Familia inanunua dumu, na dumu linarudi kujazwa.