Tulivyovamia Ukweni kwa Kaunda Suti

Baba yangu ni dereva mstaafu wa serikali, na kwake yeye mwanaume ana nguo tatu tu: ya ndani, ya kulalia na kaunda suti. Zinazobaki zote anaziita vitambaa. Aliwaendesha wakubwa kwenye Land Rover tangu enzi za barabara za vumbi, na husema waheshimiwa walikuwa wakiondoka na suti za tai, wanafika wamekunjamana, ila dereva anashuka kama alivyopanda. Siri ni tetroni. Kola imelala, mikono mifupi, mifuko minne, suruali ya kitambaa kilekile, na leso nyeupe mkononi kama ya Kaunda mwenyewe, rais wa kwanza wa Zambia.

Juni 2021, Mzee Kenneth Kaunda alipofariki, baba alikaa matanga kabisa. Kila asubuhi alitoka barazani na suti ya rangi tofauti, anapokea pole kutoka kwa majirani ambao hawakujua wanampa pole ya nani. Na Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kenya alipopiga marufuku suti za Kaunda bungeni, baba alizima redio, akakaa kimya, kisha akamwambia mama, "Wale jamaa nilikuwa nawaamini."

Kwetu Morogoro sikukuu haikuwahi kuja na nguo. Ilikuja na jora. Baba ananunua jora zima, anampelekea fundi wake mwenye cherehani ya Butterfly, na fundi anatukata wote, kuanzia baba mpaka kitinda mimba. Fundi yule anajua mshono mmoja. Ukimwonyesha picha kwenye simu anaitazama kwa makini, anaikuza, anatikisa kichwa kukubali, halafu anakushonea kaunda suti. Dada yangu aliwahi kumpelekea kitenge akitaka gauni la kubana kiunoni na kumwagika chini. Likarudi na kola na mifuko minne. Analo mpaka leo. Anasema linafaa sana kwendea sokoni.

Upande wa wanawake mkaguzi ni shangazi. Yeye alikuwa msichana Dar es Salaam wakati wa Operesheni Vijana, ile iliyoanza Januari 1969, vijana wa TANU walipotangaza vita dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Hakuna shughuli ya ukoo inayopita bila shangazi kusimulia alivyowakimbia vijana hao akiwa na kisketi chake, viatu mkononi, wigi kwapani. Akimaliza kucheka anamgeukia dada yangu: "Na wewe hebu vuta hilo gauni chini, unatutia aibu."

Basi mimi nilipokwenda Dar kufanya kazi za kompyuta nikajiona nimetoka gerezani. Jumamosi nzima niko Karume napekua mitumba, nimevaa modo, hizi suruali ambazo kuzivaa ni kazi na kuzivua ni kazi ya watu wawili. Siku ya kwanza kurudi nazo nyumbani baba alinitazama kuanzia miguuni akaishia magotini. "Hiyo suruali," akauliza, "dada yako anajua kama umeivaa?"

Tangu hapo nikawa naingia choo cha stendi ya Msamvu na begi, natoka na kaunda suti. Mhudumu wa choo alinizoea. Anaingia mhuni, anatoka afisa.

Sasa ikafika siku ya posa. Mchumba wangu kwao ni Gairo, na alikuwa amewaambia wazazi wake kwamba atakuja kijana wa kompyuta kutoka Dar. Mimi akaniambia nivae shati jeupe na suruali ya kawaida, nionekane mtu wa sasa. Nikafikisha ombi kwa baba. Akasema barua ya posa haiwezi kupelekwa na mtu aliyevaa soksi kuanzia mguuni mpaka kiunoni. Jora lilikuwa limeshanunuliwa, bluu iliyoiva. Baba, baba mdogo, mshenga, kaka zangu na mimi, wote tumeshapimwa.

Asubuhi ya safari baba aliwasha Noah alfajiri. Baba hasubiri mtu. Hata wakubwa aliokuwa akiwaendesha aliwapigia honi mara moja tu. Mimi nilikuwa napiga kiwi viatu. Nilipotoka nikakuta vumbi la Noah na, juu ya meza, bahasha ya kaki. Mshenga amebeba mwavuli, amebeba korosho za njiani, barua ya posa ameiacha. Nikaichukua, nikakimbilia Msamvu, nikapanda basi. Wao walipata pancha Dumila na nikawapita bila kujua. Kwa hiyo bwana harusi mtarajiwa, ambaye kwa desturi alitakiwa kuwa nyuma ya wazee ameinamisha kichwa, akatangulia ukweni peke yake, na barua yake mwenyewe mkononi.

Niliposhuka Gairo niliona vijana wa bodaboda wananitazama, na papo hapo kofia ngumu zikaanza kuvaliwa. Wasiokuwa nazo wakawasha pikipiki wakapotea. Akabaki mmoja ambaye chombo chake kiligoma kuwaka. Akanipeleka mpaka kwa mkwe, na nilipotoa hela akarudisha mikono nyuma. "Bosi, hapana. Tusaidiane tu." Nikasema moyoni, kumbe watu wa Gairo wakarimu hivi!

Mchumba aliniambia nyumba yao iko kando ya barabara kuu na ina alama ya X ukutani. Wanaokaa kando ya barabara wanaijua hiyo X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipokuja, hifadhi ya barabara kuu ikapanuliwa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na nyumba zilizojikuta ndani zikapakwa X. Nyekundu maana yake bomoa uende zako. Ya kijani maana yake utalipwa fidia. Ya mkwe wangu ilikuwa ya kijani, na imekaa pale ukutani mpaka imeanza kuchujuka.

Nikasimama mbele ya ile X kuhakikisha. Nikageuka nikatazama lami, nikatazama tena ukuta. Bahasha ya kaki kwapani, leso mkononi. Hapo ndipo mzee alipotoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu sana mheshimiwa, karibu! Mama! Leta kiti, wamekuja!"

Nikajua nimepokewa. Mama mkwe akaleta kiti chenye mto, kisha akaingia jikoni mbio. Mzee akakaa mbele yangu akisugua mikono.

"Tumesubiri sana," akasema.

"Samahani mzee, mambo ya maandalizi."

"Hapana, serikali ina mambo mengi, tunaelewa." Nikadhani ananitania kwa ajili ya suti. "Sasa, tathmini mmeshafanya?"

Swali gumu kidogo kwa mkwe, lakini nikajikaza. "Tathmini nilifanya mwenyewe mzee, tangu tukiwa chuoni."

Hapo alionekana kushangaa kidogo. "Basi ni muda. Na umeridhika?"

"Sana, mzee. Sijaona kasoro."

Akashusha pumzi. "Mimi sitaki kuficha kitu, kijana wangu. Kuna nyufa kidogo upande wa nyuma. Mvua zikinyesha zinaonekana."

Nikaitikia kwa kichwa polepole, nikiamini ni fumbo la wazee wa Kikaguru na kwamba mshenga atanifafanulia.

"Na malipo ni kwa mkupuo, au mtatanguliza?"

"Wazee wako njiani. Nadhani watatanguliza, nyingine mtaelewana mezani."

"Na kuchukua ni lini?"

"Hata mwezi ujao, mzee, mkituruhusu."

Mzee akafumba macho. Aliyafumba muda mrefu, na alipoyafumbua yalikuwa na machozi. Nikaona huyu mzee anampenda sana mwanawe.

Wakati huo, chini ya mti uani, alikuwepo mjomba wa mchumba wangu. Aliponiona tu alinyanyuka bila salamu akapotea nyuma ya nyumba. Sasa mjomba alikuwa na mtambo wa gongo, na gongo ukikamatwa nayo ni kesi. Nikasikia gluku gluku gluku, kama mtu anamwagilia bustani. Harufu ikanifika kabla ya chai. Alimwaga madumu yote kwenye majani ya uani, na kuku, ambao hawana wa kuwashauri, wakaja kunywa. Yule aliyechinjwa kwa heshima yangu alikamatwa bila kukimbizwa. Alikuwa ameegemea ukuta.

Ndipo Noah ikatokea.

Baba hakuingia hivihivi. Kwa mazoea ya kazi aliigeuza gari kwanza, akairudisha nyuma hadi uani, pua ikatazama barabara, tayari kuondoka na mheshimiwa. Milango ikafunguliwa. Akashuka baba, bluu iliyoiva. Baba mdogo, bluu iliyoiva. Mshenga, kaka zangu, mmoja baada ya mwingine, suti moja, leso moja, sura moja. Jirani muuza mkaa akaanza kuingiza magunia ndani. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Kikosi kimefika!" na nikaona mjomba akiruka uzio wa minyaa kwa wepesi ambao umri wake haukumruhusu.

Mzee yeye furaha ilizidi. Fidia imekuja na msafara! Alikuwa ameshafungua faili lake la hati na risiti, anawapa wazee wetu mkono mmojammoja, wakati shangazi alipokanyaga ardhi ya Gairo na kuachia kigelegele.

Mzee akaganda. Serikali haijawahi kupiga kigelegele.

Akaniangalia mimi, akaangalia bahasha, akanyoosha mkono. Nikampa. Barua aliiandika baba, na baba anajua aina moja tu ya barua, kama fundi wake alivyo na mshono mmoja. Mzee akaisoma kwa sauti mbele ya majirani: "Kumbukumbu namba moja. Yahusu: Maombi ya kumuoa binti yenu. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Akaigeuza nyuma. Akatikisa bahasha kuona kama kuna kitu kingine. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akauliza, "Sasa zile nyufa umezielewaje?"

Mchumba wangu alifika wakati huohuo kutoka saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu bado, maana habari za uvamizi zilimkuta kitini. Alituona tumepangwa ukutani chini ya X. Hakusema kitu. Alikaa chini pale pale mlangoni akacheka mpaka mama yake akamletea maji. Aliporudiwa na pumzi alisema, "Nilisema shati jeupe."

Mazungumzo ya mahari yalifanyika, tusingerudi na mbuzi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho wa orodha, ambapo upande wao uliongeza kipengele kipya kilichoandikwa kwa kalamu tofauti: "Madumu manne ya dawa ya mifugo, iliyoharibika kwa ujio wenu." Mshenga akauliza ni mifugo gani. Mjomba, ambaye alikuwa amerudi na utomvu wa minyaa kwenye kaptura, akasema swali hilo halina heshima. Baba, kwa uzoefu wake wa mafuta ya serikali, akaomba risiti. Ikabishaniwa kuliko mahari yenyewe.

Shangazi ndiye aliyemaliza kesi. Alisema kwenye jora kumebaki kipande, na mjomba kiwiliwili chake ni kama cha baba mdogo. Mjomba akanyamaza. Akashika kola ya baba mdogo kwa vidole viwili, akaisugua, akauliza kama inahitaji pasi. Haihitaji. Yakaisha.

Harusi ilipita, na mkwe hunipigia kila mwisho wa mwezi kuniuliza tathmini imefikia wapi, kwa sababu kuna sehemu ya moyo wake haijakubali kwamba mimi sio wa barabara. Mjomba yeye haivui ile suti. Amejenga mtambo mwingine na hakuna mgambo anayekatiza uani kwake. Juzi mnadani mtendaji wa kijiji cha jirani alimfuata, akajieleza na kumkabidhi taarifa ya mwezi. Mjomba aliipokea, akaipitia, akamwambia akarekebishe ukurasa wa pili.