Mshale Wangu wa Kwanza Uliangusha Bwawa

Wakenya wenzangu hapa Minnesota hawana huruma. Wakishajua umezaliwa Kitui wanakuuliza upinde wako uko wapi, kana kwamba Mkamba bila upinde ni mahamri bila iliki. Mimi nilikuwa nawajibu kwa maringo kwamba upinde uko kwenye damu. Ukweli ni kuwa uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, mimi nikazaliwa baadaye, na upinde pekee niliowahi kuushika ni wa babu, uliokuwa ukutani ukitundikiwa kofia.

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde hufunguliwa hapa katikati ya Septemba na kufungwa tarehe 31 Desemba. Kufikia Julai nilikuwa na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Nilikuwa na viatu. Nilikuwa na koti la rangi ya majani makavu. Kilichobaki ni silaha yenyewe, na hapo ndipo ushamba wangu ulipochukua usukani.

Niliuona upinde mezani nje ya gereji ya mtu aliyekuwa akiuza vitu vya nyumbani, katikati ya mashine ya kukata nyasi na seti ya vikombe. Upinde wa kisasa, wa magurudumu, na pini zake za shabaha, podo lake, mishale sita ya kaboni na kifyatuo cha kufunga kifundoni mwa mkono, kinachoshika upote (kamba ya upinde) na kuuachia ukibonyeza kitufe. Mwenyewe alikuwa pande la mtu. Akisimama mlangoni unadhani mlango umefungwa. Nikamuuliza, utanifaa? Akaniangalia juu hadi chini, safari iliyokuwa fupi, akasema nitauzoea. Dola 150 zikabadilisha mikono.

Nilikuwa nimezoea mitumba, na mtumba una dawa zake. Kiatu kikiwa kikubwa unajaza gazeti, suruali ikiwa ndefu unapeleka kwa fundi. Upinde haujazwi gazeti. Ule ulikuwa umepimwa kwa mwili wa lile pande la mtu: urefu wa mvuto (umbali ambao upote huvutwa) inchi 31, uzito wa mvuto (nguvu ya kuuvuta) pauni 70. Mimi wa kwangu ni inchi 27 na kidogo. Hizo inchi nne zilizobaki ndizo hadithi yenyewe.

Upinde wa babu ulizidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta, basi. Huu wa magurudumu una hila: mzigo unapanda haraka mwanzoni, unakaa kileleni, halafu inchi za mwisho magurudumu yanageuka na mzigo unaporomoka kwa asilimia 80 hivi. Pauni 70 zinabaki kama 14, unatulia, unalenga, unavuta pumzi. Lakini nafuu hiyo iko mwisho kabisa wa mvuto. Mtu wa inchi 27 akivuta upinde wa inchi 31 anakwama pale pale kwenye kilele, na pauni zote 70 ziko begani. Wiki nzima nilivuta ule upinde sebuleni, kila mara mshale ukiwa umepachikwa na ncha ikielekea gunia la mchanga, na kila mara nikakwama huku natetemeka kama redio ya matatu. Nikahitimisha kwamba habari ya nafuu ni uongo wa wafanyabiashara.

(Kupachika mshale hata unapojaribu tu ni jambo moja nililolifanya sawa mwaka ule. Ukiachia upote bila mshale, nguvu iliyopaswa kwenda na mshale inarudi kwenye upinde: upote unaruka nje ya magurudumu, mikono ya upinde inapasuka, na vipande vinakutafuta usoni.)

Jumapili moja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alichinja mbuzi kwenye shamba lake nje ya mji. Mama mkwe alikuwa amewasili kutoka Machakos, kwa hiyo ukoo mzima ulikuwapo. Mimi nikaenda na upinde. Nilitaka mama mkwe aone binti yake aliolewa na mwanaume wa aina gani, na nashukuru kusema kwamba aliona.

Ramani ya tukio ilikuwa hivi. Boksi la povu la kulengea niliweka yadi 20 mbele yangu. Nyuma yake sikuweka kitu chochote cha kuzuia mshale, wala tuta wala marobota ya majani. Kosa hilo peke yake lilitosha kuniweka nyumbani. Yadi kama 15 zaidi, juu ya kimwinuko, kulikuwa na bwawa la watoto la plastiki, lile lenye pete ya kupuliza juu, futi 10 kwa inchi 30, ambalo likijaa linabeba karibu lita 3,800. Watoto wote walikuwa ndani wakila keki, nilihakikisha hilo mara mbili. Chini ya kimwinuko, jiko la nyama choma. Pembeni ya jiko, mama mkwe kwenye kiti cha heshima, sahani magotini.

Nikafunga kifyatuo. Kwa kuwa mkanda wake ulikatwa kwa mkono wa jitu, kwangu kilining'inia kama saa ya ukutani, na ili nisikipoteze niliweka kidole kwenye kitufe tangu mwanzo wa mvuto. Usifanye hivyo kamwe. Kidole kinakaa nyuma ya kitufe mpaka umeshalenga.

Nikavuta. Nikakwama kileleni kama kawaida. Lakini safari hii watu walikuwa wakitazama, na mwanaume akitazamwa na wakwe hupata inchi nne ambazo Mungu hakumpa. Nikanyoosha mkono wa mbele hadi kiwiko kikapinda upande usiopindika, nikainua bega hadi likagusa shavu, nikalalia nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe kutoka shimoni, na ghafla: klak! Mzigo ukapotea. Kumbe nafuu ipo! Furaha hiyo ilidumu sekunde mbili. Mkono wa kulia ulikuwa umeshapita taya, umepita sikio, uko kisogoni. Kile kijitundu cha kuchungulia kilicho kwenye upote, ambacho hutakiwa kukaa mbele ya jicho, kilikuwa kimefika sikioni. Nilikuwa naisikiliza shabaha badala ya kuitazama.

Kidole kikagusa kitufe.

Upote ulirudi ukiwa na kazi tatu. Ulichukua ukingo wa kofia yangu, kofia ikaenda zake. Ulipita juu ya kiwiko kilichopinduka na kuchuna mkono wa kushoto kuanzia hapo hadi karibu na kiganja. Halafu, kwa nguvu iliyobaki, ukautuma mshale juu ya boksi la povu, juu ya nyasi, hadi kwenye kimwinuko.

Sikusikia kitu. Nikaangalia huku na huku, nikatangaza kwamba mshale umepotea kwenye nyasi. Mama mkwe akauliza kwa upole, "Mwanangu, mbuzi tumeshachinja. Unatafuta nini tena?"

Kisha tukasikia *sssss*.

Shemeji ni mtu makini. Alidhani ni mtungi wa gesi wa jikoni kwake. Akakimbia, akafunga koki, akanusa. *Sssss.* Akakagua matairi ya gari lake, halafu ya kwangu. Wazee wakatoa maoni. Mmoja alisema ni nyoka, tukainua miguu. Zilipita kama dakika kumi tukitafuta mdudu wa sauti ile, na muda wote huo ile pete ya bwawa, iliyotobolewa na kigumba (ncha ya mshale) cha mazoezi kisichozidi unene wa penseli, ilikuwa ikiishiwa pumzi taratibu, ikiinamia upande mmoja. Upande wa jiko.

Maji hayakumwagika. Yaliamka, yakashuka. Yalibeba ndala, bata wa plastiki na mpira, yakafika jikoni yakazima mkaa kwa kishindo cha mvuke, yakainua wavu wenye mbavu na paja moja, yakaendelea na safari yake hadi kwenye uzio. Mama mkwe aliinua miguu yote miwili kwa adabu, kama mtu anayemngojea mfagiaji apite, sahani ikiwa bado magotini. Maji yalipokwisha akaishusha miguu. Akamwangalia binti yake, hakuniangalia mimi. "Na huyu," akasema, "ndiye aliyesema atatulisha nyama msimu huu?"

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la pinde, mkono ukiwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Mzee wa pale hakuuangalia upinde kwanza, aliuangalia mkono. "Wako umezidi inchi tatu," akasema. Nikamsahihisha kwa unyonge: nne.

Akanisimamisha ukutani, mikono nimeitandaza, akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi 68. Ukigawa kwa 2.5 unapata 27.2, kwa hiyo tukaanza na 27 na kupandisha nusu inchi kutegemea upote unagusa wapi usoni: pembe ya mdomo na ncha ya pua, si kisogo. Akaniambia niunganishe viganja vibaki na kijitundu, nitazame saa ya ukutani kupitia humo kwa macho mawili, kisha nifumbe la kushoto. Saa ilibaki. Maana yake jicho langu kuu ni la kulia, nami natumia mkono wa kulia, kwa hiyo angalau hapo wazazi hawakuniangusha. Ingepotea, ningepaswa kufikiria upinde wa mkono wa kushoto.

Uzito aliupima kwa kitu nilichodhani ni utani. Alinikalisha kwenye kiti, miguu juu hewani, akasema nivute polepole bila kuuinua upinde kuelekea mbinguni. Pauni 60 zilinishinda. 55 nilivuta kwa kuchungulia dari. 50 nilivuta kama mtu mzima. Sheria hapa inataka angalau 30 kwa kulungu, na asubuhi ya Novemba, ukiwa umekaa kwa muda wa saa tatu kwenye baridi na misuli imelala, zile pauni za sifa ndizo zinazokusaliti. Upinde wa jitu haukuweza kurekebishwa: magurudumu yake hayakushuka chini ya inchi 29. Bolti zingeweza kulegezwa zipunguze pauni kadhaa, lakini bolti hazigusi urefu. Nikaubadilisha kwa mwingine wa mtumba, na kuongeza pesa ambazo mke wangu bado anazitaja.

Mishale nayo ilikuwa ya jitu: namba ya ugumu 300, ndefu inchi 31. Namba ikiwa ndogo mshale ni mgumu zaidi, na mshale mgumu kwenye upinde mwepesi haupindiki inavyotakiwa unapotoka, hivyo unakwenda kombo. Kwa pauni 50 na mshale wa inchi 28 wenye kigumba cha greni 100 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), mzee alinipa namba 500, jumla karibu greni 400. Nikamwuliza kwa nini nisichukue mishale miepesi zaidi, iende kasi. Akasema mshale mwepesi mno ni binamu wa kufyatua bila mshale, na pinde nyingi hazitaki chini ya greni 5 kwa kila pauni. Nikanyamaza.

Agosti yote nilipiga mishale 25 kila jioni kwenye uwanja wa kulengea, mbele ya tuta la udongo refu kuliko aibu yangu. Wiki tatu kabla ya msimu nikafunga vigumba vya wembe, na mara vikaanza kupiga inchi nne kushoto ya vile vya mazoezi. Wembe una mabawa yake. Kama upinde haujanyooka, unakuanika. Nikapiga kupitia karatasi kutoka hatua mbili, tundu likachanika pembeni badala ya kuwa duara safi, tukalisogeza egemeo la mshale kidogo kidogo, chini ya unene wa sarafu kila mara, hadi vigumba vyote vikakutana. Kisha nikarudia mazoezi nimevaa koti la baridi, na upote ukaupiga mkono wa koti. Nikaufunga kwa mkanda wa kukinga mkono. Heri koti kuliko ngozi, ngozi nilishalipa.

Kulungu nilimpata wiki ya mwisho ya Oktoba. Nilikuwa kwenye kiti kilichofungwa juu ya mti, mkanda wa usalama umefungwa tangu mguu ulipoacha ardhi, upepo ukinipiga usoni. Jike lilipita yadi 18, limenigeuzia ubavu kidogo. Upote ukakaa pembe ya mdomo. Safari hii niliitazama shabaha. Damu kwenye majani ilikuwa nyekundu ya kung'aa yenye povu, alama ya mapafu, na hata hivyo nilisubiri nusu saa kabla ya kushuka, nikamkuta hatua 60 mbele.

Paja zima la nyuma nilimpelekea shemeji, nimelifunga vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili mbele ya mama mkwe. Nikamwambia asilichome kama mbuzi, halina mafuta, litakuwa kama soli. Alitie kitunguu na nyanya, lichemke polepole. Akalipima kwa mkono, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Haya shemeji, mbuzi umelipa," akasema. "Na bwawa?"