Kiingereza cha Trump si Kiswahili cha Nyerere

Tangu Donald Trump asaini amri ya Machi 1, 2025 inayokifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani, swali moja halikauki midomoni mwa watu wetu: kelele za nini? Sisi Watanzania tuna Kiswahili, Wafaransa wana Kifaransa, iweje Mmarekani akichagua lugha yake aitwe mbaguzi?

Swali lina uzito wake. Majimbo zaidi ya 30 yalishafanya hivyo zamani. California, pamoja na wahamiaji wake wote, ilipitisha kwa kura mwaka 1986. Kinara wa harakati hizo alikuwa Seneta S. I. Hayakawa, msomi wa lugha aliyezaliwa na wazazi wa Kijapani, kwa hiyo si rahisi kusema zilikuwa chuki ya wazawa tu. Anayejua Kiingereza kule hupata kazi nzuri zaidi, hilo halina ubishi. Na amri yenyewe haimzuii mtu kusema lugha yake, wala haizilazimishi idara kuwaondoa wakalimani.

Ila wanaoitetea huku kwetu naona wengi wameishia kwenye kichwa cha habari. Amri hiyo imefuta pia ile ya Bill Clinton ya mwaka 2000, iliyozitaka idara za serikali ziweke utaratibu ili asiyejua Kiingereza vizuri naye ahudumiwe akaelewa. Sasa kila mkuu wa idara ataamua mwenyewe. Julai mwaka huohuo Wizara ya Sheria ikazihimiza idara zipunguze huduma za lugha nyingine zisizo za lazima. Za lazima kwa nani?

Wanasiasa hupenda kusema kwamba karibu mtu 1 kati ya 5 Marekani huzungumza lugha nyingine nyumbani, kana kwamba Kiingereza kinazama. Takwimu ni ya kweli, lakini huwa inakatwa katikati. Zaidi ya nusu ya watu haohao huiambia sensa kwamba Kiingereza wanakijua vizuri sana. Wanaobaki hawafiki 1 kati ya 10 ya watu wote, na wengi wao walihamia wakiwa watu wazima. Watoto wao wakiingia shule, haipiti miaka mingi wanagombania rimoti kwa Kiingereza. Wajukuu ndio kabisa, lugha ya bibi huisikia kwenye simu. Lugha inayomeza wageni kwa kasi hiyo inalindwa dhidi ya nani?

Anayeumia ni yule wa kizazi cha kwanza. Chukua mama mkimbizi kutoka Kivu, yuko kliniki, daktari anaeleza kwamba ana uvimbe kwenye kizazi na huenda akafanyiwa upasuaji. Pasipo mkalimani, anayegeukiwa ni binti yake wa miaka kumi, ambaye Kiswahili chake ni cha “njoo ule” na “funga mlango”. Atamwambia nini mama yake?

Hapo ndipo mfano wa Tanzania unapogeuka. Mwaka 2021 sheria yetu ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ilikuwa ni kumsogezea mwananchi hukumu ambayo kwa miaka mingi iliandikwa kwa Kiingereza asichokielewa. Ya Trump inamtaka mwananchi ndiye asogee.

Watetezi watasema sheria za Bunge zipo palepale, na ni kweli: ile ya 1975 inayotaka karatasi za kura za lugha nyingine katika baadhi ya maeneo haifutwi kwa saini ya rais. Lakini kwenye huduma nyingine nyingi mambo ni tofauti. Mwaka 2001, katika kesi ya Alabama kuhusu mtihani wa leseni ya udereva uliotolewa kwa Kiingereza pekee, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu binafsi hawezi kushitaki kwa madhara ya sera kama hiyo bila kuthibitisha kuwa ubaguzi ulikusudiwa. Kazi ya kuzibana taasisi ikabaki kwa serikali kuu, hiyohiyo iliyofuta amri ya Clinton.