Mgonjwa wa lupasi aulizwe habari za moyo wake

Dada yangu alipokwenda kliniki mwaka jana alipewa fomu ya maswali tisa: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kukosa raha, kujiona hafai na mengine ya namna hiyo. Aliirudisha tupu. Kabla hajaambiwa kuwa ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, alizunguka miaka mitatu, viungo vinauma, nywele zinakatika, mdomo hauishi vidonda, na kila alikofika hakukosekana mtu wa kumwambia apunguze mawazo. Mmoja alimshauri aolewe. Leo ugonjwa una jina na majibu ya damu anayo mkononi, halafu anaulizwa tena habari za mawazo. Alikasirika, na hasira yake naielewa.

Ndiyo maana sitaki kuwabeza wanaosema mambo ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, na wasiwasi yasiingizwe kliniki ya lupasi. Hofu yao ina msingi. Faili likishaandikwa sonona, kesho kifua kikimbana mgonjwa ataambiwa ni wasiwasi, kumbe maji yamejaa kwenye utando wa moyo, jambo ambalo lupasi hulifanya. Fomu yenyewe nayo ina kasoro. Uchovu, usingizi mbovu, kukosa hamu ya kula, kushindwa kutuliza akili: manne katika yale tisa ni mambo ambayo lupasi huyaleta yenyewe. Mtu ambaye kinga yake inamshambulia atachoka hata siku ya harusi ya mwanawe.

Hata hivyo tuzitazame hesabu. Mwaka 2017 watafiti walikusanya tafiti 59 zenye wagonjwa zaidi ya 10,000, wakakuta sonona kali kwa asilimia 24 na wasiwasi kwa asilimia 37. Mimi hiyo 24 imenikaa kichwani. Tuwape wapinzani haki yao, tuseme nusu nzima ni uchovu wa lupasi uliohesabiwa kimakosa. Inabaki 12. Kwenye benchi za kliniki asubuhi moja wakiwa wamekaa wagonjwa 25, ambao karibu wote watakuwa wanawake, watatu kati yao wamebeba sonona ya kweli. Wataitwa majina, watapimwa presha, mkojo utaangaliwa kama una protini, wataandikiwa dawa na kurudi nyumbani. Kama hakuna aliyeuliza, hao watatu wanabaki hivyo hivyo. Kosa la kuhesabu uchovu kuwa sonona hurekebishwa kwa mazungumzo ya dakika kumi, lakini la kutouliza sijui hurekebishwa lini.

Na neno "mawazo" linatudanganya, kwa sababu linamwachia mgonjwa lawama, kana kwamba amekaa akayatafuta. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliorodhesha hali 19 za ubongo, neva na akili zinazoweza kuletwa na lupasi, na matatizo ya hisia na ya wasiwasi yamo. Kwa wengine, basi, sonona inatokana na ugonjwa ule ule unaovimbisha vidole. Kwa wengine inatokana na maisha: kazi iliyokwisha, mchumba aliyeondoka, jua linalokwepwa kila siku. Na kwa wengine chanzo ni dawa. Utafiti wa Boston wa mwaka 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa asilimia 1.3 ya wagonjwa waliomeza kwa siku miligramu 40 au pungufu za prednisoni, dawa ya kutuliza kinga ambayo wagonjwa wa lupasi hupewa, na kwa asilimia 18.4 ya waliovuka miligramu 80.

Sisi hatukuambiwa. Dada alianzishiwa prednisoloni, ndugu ya hiyo prednisoni, miligramu 60, vidonge 12 kiganjani kila asubuhi. Wiki ya pili saa tisa usiku nilimkuta uani anasugua masufuria yaliyokwisha kuoshwa, analia na hajui analilia nini. Mama aliita watu wa maombi. Sina ugomvi na maombi, ila sentensi moja tu ya daktari kuhusu hizo dawa ingetuokolea usiku mwingi.

Madaktari waangalifu huongeza jambo la haki: hakuna kipimo cha damu cha kutenganisha vyanzo hivyo vitatu, na kumwandikia amitriptilini, dawa ya sonona, mtu ambaye ubongo wake umeshambuliwa na lupasi ni kumchelewesha. Kweli kabisa. Lakini huyo atajulikanaje kama hakuulizwa?

Kinachonisumbua zaidi ni haidroksiklorokwini. Hii ndiyo dawa ya kila siku, ya miaka, inayozuia ugonjwa usiamke. Ukiikosa leo husikii kitu, na kesho vile vile. Mwezi wa nne nilizikuta karatasi zake ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, za miezi miwili, vidonge havijatobolewa hata kimoja. Nilidhani ni ukaidi. Alinijibu kwa utulivu kwamba hakuona vinamsaidia kufika wapi. Baadaye miguu ikavimba, mkojo ukawa na povu, na tukaanza safari za figo.

Wataalamu wa akili hawatoshi, hilo linajulikana. Ila Harare, Zimbabwe, kazi aliyoianzisha daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006 inafanywa na akina bibi waliofunzwa, wakikaa na mtu kwenye benchi na kuanzia na neno la Kishona, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Katika jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016, baada ya miezi sita asilimia 14 ya waliokaa na akina bibi walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Hawakuwa wagonjwa wa lupasi, ila wanne katika kumi walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi, nao wanaujua ugonjwa wa maisha. Kwetu ushauri nasaha uliingia kliniki za ukimwi na hakuna aliyesema virusi ni mawazo.

Safari iliyofuata dada alipokewa na muuguzi wa makamo. Alisoma faili lote kwanza, akamwambia ugonjwa wake ni wa kweli na figo zinaonyesha hivyo. Kisha akaigeuza fomu kifudifudi, akamuuliza usiku anawaza nini. Swali la tisa, lile la kutamani kufa, dada alilijibu kabla halijaulizwa.