Ku farmasi tunaendaka sote, maswali njo inakosekana

Wandugu wa kwetu Bukavu, Congo, wanakatalaka kuamini nikiwaambia kwamba huku Uingereza pia serikali inaambia watu waanzie ku farmasi. Tangu 31 Januari 2024, farmasia (mtaalamu wa dawa) wa huku England anaweza kukutibu magonjwa saba bila upite kwa dokta: koo, sikio la watoto, sinusiti (uvimbe wa mashimo ya karibu na pua), mdudu alikuuma pakaanza usaha, vidonda vya ngozi vya impetigo, zona (mkanda wa jeshi), na mkojo unaochoma wanawake wa miaka 16 mpaka 64.

Sisi wa Bukavu, ku Kadutu na Bagira, tunafanyaka hivyo tangu zamani, juu ku hospitali unalipa fishi (karatasi ya kumuona dokta), unalipa maabara, njo ufike ku dawa. Kwa hiyo mutu asiniambie watu wetu ni wajinga, wanapiga hesabu ya mfuko.

Ila angalia huyo mama mwenye mkojo unachoma. Huku farmasia anamuingiza mu chumba kidogo, anafunga mlango, anamuuliza: uko na mimba? Homa? Mgongo unauma? Kuna dawa ilishakudhuru? Kama majibu yako sawa anampa antibiotiki ya nitrofurantoini ya siku 3 na anaandikia dokta wake. Kama iko na mimba, ao homa na mgongo, hamupe, anamutuma kwa dokta. Na wa koo wengi wanarudi na parasetamoli tu, juu koo mingi ni virusi, antibiotiki haisaidie kitu.

Kwetu huyo mama anasemea shida yake mbele ya watu wamepanga mstari, kwa sauti ya chini na haya, wanamukatia vidonge vinne vya sipro (antibiotiki ingine) ku plakete ya vidonge kulingana na pesa iko nayo, mimba hakuna aliyeuliza, na ile dawa mwenye mimba hapashwe kuinywa hivi hivi. Hii inaniumiza sana, juu kuuliza hakuna bei.

Sisemi huku ni paradizo. Mu 2025 dawa moja ilikuwa paundi 9.90 kama hauko kati ya wale wa bure, mwanaume mwenye mkojo uleule hayuko mu ile orodha ya magonjwa saba, na mama asiyejua Kiingereza analeta mtoto wake wa shule amutafsirie mambo ya wanawake. Kwetu muuzaji anajua mpaka bibi yako, anakukopesha, anakufungulia usiku, na huyo mutu anayejuana na familia njo angeweza kuuliza vizuri kupita farmasia wa huku asiyekujua.

Shida kubwa naona ni hii: muuzaji akikataa kuuza, akisema mtoto huyu apelekwe ku kituo cha afya leo leo, mteja anavuka barabara anauziwa ileile dawa ku farmasi ya pili. Kwa hiyo wenye farmasi munaonisoma, mukae wote wa avenii (barabara) moja, mukubaliane maswali matano ya kuuliza kila mutu, na dawa gani hakuna atakayeikata nusu, juu mmoja akifanya peke yake atafunga duka.