Saa ya asumini

Mwaka juzi nilikwenda Pemba kwa arusi ya binamu yangu, na siku ya pili alasiri Bibi akanivisha koja la asumini alilolitunga kwa mkono wake. Nilipoliinua kulinusa, moyo ukanipiga paa. Katikati ya matumba meupe mlikuwa na matumba ya kijani. Si moja wala mawili. Nilihesabu saba.

Kwa asiyekulia nyumbani kwetu hilo si jambo. Kwangu ilikuwa kama kumsikia imamu akikosea Alhamdu.

Asumini huchumwa alasiri, ua likiwa bado limefumba. Tumba lililokomaa ni jeupe na limejaa, na ukilibonyeza kidogo kwa ncha za vidole linajibu. Ukilitunga saa kumi na moja, litafunguka shingoni mwako baada ya magharibi, na harufu yote itatokea hapo ulipo, mbele ya watu uliokaa nao. Ndiyo maana halichumwi asubuhi. Lakini tumba lenye ukijani ni la kesho au keshokutwa. Ukilichuma leo halitafunguka tena. Litanyauka limefumba vilevile. Kila siku mti una matumba yake ya siku ile, na mchumaji lazima ayajue kwa kuyatazama, haraka, kabla jua halijashuka.

Bibi alinifundisha hayo nikiwa sijaanza skuli, na sikumbuki hata siku moja aliyonieleza kwa maneno. Mimi nilikuwa nachuma, nalijaza sinia langu, naona fahari. Yeye anakuja na sindano na uzi, anapitisha mkono juu ya sinia, anayatoa yasiyofaa na kuyaweka pembeni juu ya mkeka. Hanikemei, hasemi hili bovu au hili bichi. Ananiachia yale yaliyotolewa niyatazame. Baada ya misimu miwili mitatu mkono wake ukawa hauna la kutoa kwenye sinia langu.

Basi mtu wa namna hiyo kunitungia koja lenye matumba saba ya kijani, machale yalinicheza.

Nalipenda sana neno hili, machale. Hatusemi machale yameniambia, wala machale yamenieleza. Yanacheza tu, kama ukope unavyocheza, na kazi ya kujua yanachezea nini yanakuachia wewe mwenyewe. Wako watu wanaoyaogopa, wakayafanya ni mambo ya kiganga. Na siku hizi wako wanaoyauza: unakaa ukumbini kwenye kiti cha plastiki, unaambiwa usikilize moyo wako, moyo haukosei, unalipa, unarudi nyumbani. Wote hao mimi sikubaliani nao. Ninavyoamini, machale ni kumbukumbu ya macho, pua na mikono, iliyolimbikizwa polepole mpaka ikawa nyingi kuliko maneno uliyonayo ya kuielezea. Tena hakuna anayeilimbikiza peke yake. Inataka mtu aliyekaa karibu nawe na kupitisha mkono juu ya sinia lako, miaka na miaka.

Kwetu shule hiyo ilikuwa na madarasa mawili. La Bibi lilikuwa uani, chini ya asumini. La Babu, Mungu amrehemu, lilikuwa shambani.

Wengi wanaotia karafuu kwenye pilau hawajapata kufikiri kwamba wanakula ua. Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla ya kuchanua. Linaanza kijani, linaingia umanjano, halafu linaiva wekundu kwenye shavu, na hapo ndipo linapotakiwa likatwe. Ukichelewa, kikofia chake kinaanguka, nyuzi zinachomoza kama nywele, na bei imekwenda. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimekuwa zikitoka kwetu. Kwa hiyo watoto wa Pemba tunakua tukiwa na kazi msimu ukifika: kuchambua karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, usiku, kuanika majamvini asubuhi, kulinda mvua mchana kutwa.

Kulinda mvua ndiko kulikonifundisha. Karafuu ikishaanza kukauka halafu ikanyeshewa, inaharibika, na kazi ya familia nzima inakwenda na maji. Siku moja, jua linawaka, mbingu haina hata doa, Babu akainuka kwenye kiti akasema, "Anueni." Jirani aliyekuwa ameanika kando yetu akacheka kwa sauti. Sisi watoto tulikuwa tumechoka, tukanung'unika, lakini kwa Babu hukuwa na la kufanya ila kutii. Tulipokuwa tunakunja jamvi la mwisho, wingu likatokea nyuma ya minazi kama mtu aliyekuwa amejificha, na mvua ikamwagika. Tulitoka tena mbio kumsaidia jirani. Hakucheka.

Usiku nikamuuliza Babu alijuaje. Nilitaraji dua maalumu, au siri ya ukoo. Akasema, "Upepo ulinyamaza. Halafu ukaja mwingine wa baridi, unatokea upande ambao leo haukuwa wake." Basi. Methali inasema dalili ya mvua ni mawingu, lakini Babu alikuwa akishika dalili iliyotangulia mawingu, na ilikuwa mbele ya ngozi zetu sote. Sote tuliguswa na upepo ule, yeye peke yake ndiye aliyeutilia maanani. Kuanzia hapo nikaacha kuwadhania wazee uchawi.

Na kukausha kwenyewe: alikuwa anachukua punje moja, anaivunja karibu na sikio. Ikikatika kwa mlio, tayari. Ikipinda kimya, irudi juani. Nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na minne sasa, ninanunua karafuu sokoni Kariakoo, na bado siwezi kulipa kabla sijavunja moja.

Darasa la Bibi lilikuwa pana zaidi, kwa sababu maua ya pwani yanapita kwenye kila jambo la nyumba. Rehani, mkadi na asumini vinafungwa kikuba, kinabandikwa kifuani. Langilangi linatandazwa kitandani kwa maharusi na linaingia kwenye singo ya kumsugulia bi harusi. Sasa mtu anayeshika maua haya kila siku, akiwapa wanawake wa nyumba yake mmoja mmoja, anawajua kwa namna ambayo hata daftari haliwezi. Bibi alimjua mama mdogo ana mimba kabla mama mdogo hajasema kwa mtu, kwa kuwa alipopewa kikuba alikisogeza pembeni kidogo tu, akajifanya anapanga ushungi. Alimjua shangazi kwamba ndoa yake inamsumbua, kwa sababu kwa wiki tatu alikuwa hachumi tena, anaomba achumiwe. Hakuwahi kumhoji mtu. Alikuwa anakwenda kukaa karibu naye, na neno lenyewe likija, linamkuta pale.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asumini inangoja usiku. Akasema, "Wageni wake wanakuja usiku." Nikachukulia ni maneno ya kumnyamazisha mtoto. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba maua mengi meupe yenye harufu kali ya usiku huchavushwa na nondo, ambao gizani hufuata harufu. Na ua la mbuyu, ambalo Bibi alinionyesha lingali juu ya mti magharibi na chini mchangani kesho yake, mgeni wake mkubwa ni popo. Alikuwa amenijibu kwa ukamilifu, kwa maneno manne.

Nirudi kwenye koja langu.

Machale yalikwisha kucheza. Nikaamua ninajua yanachezea nini. Nikasema moyoni, Bibi anapoteza kumbukumbu. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hofu niliyotoka nayo Dar, maana mama wa rafiki yangu wa kazini alikuwa amefikia hali ya kutowatambua wanawe, na mwaka mzima tulikuwa tukizungumza hilo wakati wa chakula cha mchana. Kwa siku mbili nikawa namjaribu Bibi kwa hila: namuuliza majina ya watoto wa fulani, nani alikufa mwaka gani, karafuu ilikuwa bei gani nilipozaliwa. Alijibu yote, mengine kwa urefu kuliko nilivyotaka. Bado naona haya nikikumbuka. Niliacha kumtazama mtu aliye mbele yangu, nikawa naitazama hofu yangu.

Mjomba alisema, "Mwache, mama kashakuwa mzee." Kwenye kituo cha afya cha kwanza tulichompeleka tukaambiwa hivyohivyo, ni uzee, na aliyesema hakuinua hata kope za Bibi. Hili linaniuma mpaka leo. Neno uzee linafunga milango mingi sana.

Siku ya tatu nikafanya nilichotakiwa kukifanya tangu mwanzo: nikaenda kuchuma naye. Sikuuliza kitu. Nikaona kwamba haangalii tawi, anapapasa. Kidole gumba kinapita juu ya tumba, kinapima kujaa kwake, kisha anachuma. Kwa kugusa, tumba linalokaribia kukomaa na lililokomaa hayapitani sana. Tofauti yao iko kwenye rangi. Tulipokaa kutunga alihamia kizingitini, mgongo ameupa mlango, kwa sababu mwanga wa nje ulikuwa unamchoma. Nikashika matumba mawili, jeupe na la kijani, nikayaweka kwenye kiganja chake.

"Bibi, haya yana rangi gani?"

Akayasogeza karibu na pua, akayasogeza mbali. "Meupe," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: "Siku hizi dunia yote ina rangi ya chai ya maziwa."

Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Ni ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu, na unafanya hivyohivyo alivyosema: lenzi ya jicho inaingia ukungu, inageuka umanjano, rangi zinafifia, mwanga unaumiza. Na tiba yake ipo. Jicho linatiwa ganzi, lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa ya bandia, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ileile. Tulikuwa nusura tumwache mwanamke huyu azame kwenye giza linaloondoleka, kwa sababu ya neno moja, uzee, na kwa sababu mimi mjukuu wake nilijiona nina machale makali.

Kwa hiyo simwambii mtu ausikilize moyo wake na kuishia hapo. Machale yangu yalikuwa sahihi kwamba pana jambo. Hayakujua ni jambo gani, na nilipoyalazimisha yajue, yalisema uongo kwa sauti ya hofu yangu. Baada ya machale kucheza inabaki kazi: kwenda, kukaa, kuchuma pamoja, kuangalia mikono inafanya nini. Kisha, kama ni jicho, kumtafuta daktari wa macho.

Ninachokiogopa zaidi ni kwamba wanangu wawili hawana sinia. Wana akili na wana upendo, na simu zao zinawajulisha mvua ya Dar saa kwa saa. Lakini hawajawahi kufanya kazi ya mikono kando ya mzee kwa muda mrefu kiasi cha kunyamaza pamoja naye. Siku bibi yao atakapotunga vibaya, nani atahesabu matumba? Mwaka huu nimewapeleka Pemba likizo nzima, si wiki moja ya Idi tu. Walilalamika siku nne. Ya tano niliwakuta uani, mdogo ameshika uzi, mkubwa ameng'ang'ania tundu la sindano.

Bibi alifanyiwa jicho la kulia kwanza, la kushoto miezi mitatu baadaye. Nilirudi kumwona jicho la pili lilipopona. Sikumwambia nimepanga kitu. Alasiri nilichuma peke yangu, nikatunga koja, nikamvisha. Akalivua papo hapo, akalishika kwenye mwanga wa mlango, akalipitisha kidole kwa kidole kama anavuta uradi. Alipofika katikati akasimama.

"Nani kayatia haya mawili?"

Nikatazama. Yalikuwa ya kijani kweli, na sikuwa nimekusudia.

"Mimi, Bibi."

"Ulikuwa ukitazama nini?"

Akakata uzi kwa meno, akayatoa yote mawili, akayaweka pembeni juu ya mkeka, akaanza kutunga upya.